Ukoo wa Mikindani: Zuhura na upolisi

IJUMAA

Zuhura, 19:12
Shikamooni wakubwa. Mitihani ya mwaka wa pili nimemaliza leo, Jumapili napanda basi la Mtwara. Naomba ushauri. Nikimaliza hii digrii ya sosholojia nataka kuomba upolisi. Chuo kimenipa barua ya fildi (mafunzo kwa vitendo) ya wiki nane, na likizo yenyewe inazidi hapo. Nimewaza wiki zote nane nikae kituo cha polisi pale mjini, ili siku ya kuomba kazi niwe na uzoefu. Nimewaza sawa?

Mama Zuhura, 19:15
Marahaba mwanangu, tunakusubiri. Kaka Issa na wifi Somoe, mtoto huyo mwelekezeni.

Mjomba Issa, 19:31
Marahaba mpwa wangu. Kituoni patakufaa, ila ujue utakachopewa. Mwanafunzi hapewi jalada la upelelezi, haingizwi mahabusu, na ghala la silaha halisogelei. Atakaa kaunta aone taarifa zinavyopokelewa na RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, inavyotolewa. Atapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Polisi Jamii atatoka nao kwenda kwenye kata. Si haba: kaunta utaona jinsi mtu aliyeibiwa anavyoanza hadithi katikati, na jinsi askari mzuri anavyomrudisha mwanzo bila kumkaripia.
Barua usimpelekee mkuu wa kituo. Iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, na itaje dawati unalotaka. Ikisema "nafasi yoyote", utakalia benchi mpaka wiki nane ziishe.

Shangazi Somoe, 19:48
Shemeji Issa, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Kwa mtoto wa sosholojia, ustawi wa jamii pale Manispaa ya Mtwara-Mikindani pana faida kuliko kaunta. Afisa ustawi analishika shauri tangu mama anapobisha hodi mpaka mtoto anaposimama mahakamani. Polisi, daktari wa hospitali ya Ligula na hakimu, wote anakutana nao kwenye shauri moja.
Na Zuhura atajifunza mambo ambayo yakikosewa siku ya kwanza hayarekebishiki tena. Aliyebakwa asioge wala asifue. Nguo zake kila moja iwekwe peke yake kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu unabaki na ushahidi unaoza. Afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, na isipite saa 72, maana dawa za kukinga VVU baada ya hapo hazianzishwi. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inatolewa na polisi, daktari anaijaza, kisha inakuwa kielelezo. Na mtoto haulizwi "alikushika hapa, eti?" Anaulizwa "ilikuwaje?" na anaachwa aseme kwa maneno yake, hata kama sehemu za mwili anaziita kwa majina ya nyumbani. Swali lililobeba jibu ndani yake wakili atalibomoa kwa dakika mbili.

Mjomba Issa, 19:53
Hilo la nguo na la maswali ni kweli tupu shemeji. Basi agawe: wiki nne ustawi, wiki nne kituoni.

Shangazi Somoe, 19:57
Asigawe. Msimamizi wa chuo anakuja kumkagua sehemu moja, na fomu ya alama inajazwa na ofisi moja. Akihama bila chuo kukubali kwa maandishi, kila ofisi itasema haimjui vizuri, na alama zitashuka. Wiki nane rasmi awe ustawi. Siku zitakazobaki za likizo azipeleke mahakamani na kwenye huduma ya kwanza.
Tena ustawi na Dawati la Jinsia wanafanya kazi bega kwa bega, kwa hiyo polisi atawaona tu, na atawaona wakiwa kazini.

Mjomba Issa, 20:02
Sawa, hapo nimekubali.

Zuhura, 20:04
Nimeelewa shangazi. Barua hii ya chuo imeandikwa kwa "Mkuu wa Taasisi". Niipeleke hivyo hivyo?

Shangazi Somoe, 20:09
Hapana. Iandikwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa, si kwa afisa ustawi, hata kama unamfahamu. Kabla hujapanda basi rudi ofisi ya fildi wakuandikie upya: tarehe ya kuanza na kumaliza, namba yako ya usajili, fani, na sentensi moja ya unachokwenda kujifunza. Toa nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua ikipotea, muhuri ndio utakaokuokoa.
Na daftari la fildi: usiandike jina la mteja hata mmoja, wala mtaa. Andika "mtoto wa kike, miaka 9, ameletwa na bibi". Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utambulisho wa mtoto aliye kwenye shauri, na daftari lako litasomwa na watu wengi chuoni. Picha usipige kabisa.

Zuhura, 20:11
Hata ya ofisi yenyewe?

Shangazi Somoe, 20:12
Hata ya ofisi. Nyuma yako atakuwepo mama amekaa kwenye benchi.

Kaka Chande, 20:40
Salaam aleikum wote. Nilikuwa safarini kutoka Lindi, nimesoma yote sasa. Mdogo wangu, shangazi na mjomba wamesema vizuri, ila mnazungumzia mahali pa kukaa. Mimi nitazungumzia mkono. Kinachoangusha kesi nyingi si kukosa mtuhumiwa, ni maelezo yaliyoandikwa vibaya. Askari anayejua kuandika alichoambiwa, kwa mpangilio, bila kuongeza chake, anatafutwa kila kituo. Na hilo chuoni unaweza kulianza leo bila ruhusa ya mtu.
Fanya zoezi. Tunga tukio dogo, ajali ya bodaboda Mikindani, uniandikie maelezo ya shahidi. Mistari mitano.

Zuhura, 21:03
Nimejaribu kaka:
"Majira ya jioni nilikuwa nje ya duka Mikindani. Pikipiki nyekundu ilikuja kwa mwendo wa hatari ikamgonga mzee akivuka barabara. Dereva alikuwa amelewa. Alikimbia. Watu walisema ni kijana wa Naliendele."

Kaka Chande, 21:22
Ahsante. Sasa vumilia, nakwenda neno kwa neno.
"Majira ya jioni": saa ngapi, na ulijuaje? Adhana ya magharibi, simu, redio dukani? Jioni ya saa 11 kuna jua, ya saa 1 giza limeingia. Kesi nzima inaweza kusimama kwenye tofauti hiyo.
"Nje ya duka": umesimama au umekaa, umeangalia wapi, duka liko upande gani wa barabara?
"Mwendo wa hatari": hayo ni maoni yako. Andika ulichoona: hakupunguza kwenye tuta, alipita gari kwa kushoto, hakupiga honi.
"Amelewa": shahidi si kipimo. Alinuka pombe? Alipepesuka? Maneno yalimpotea? Andika hayo, hakimu ataamua mwenyewe.
"Alikimbia": kwa miguu au kwa pikipiki? Kuelekea mjini au kuelekea Lindi?
"Watu walisema": huo ni ushahidi wa kusikia. Usiutupe, ila andika nani alisema, ili mpelelezi amfuate naye atoe maelezo yake.
Na namba ya pikipiki. Hata kama uliona MC na tarakimu mbili tu, andika hizo mbili. Usikisie zilizobaki.

Mjomba Issa, 21:27
Ongeza kusahihisha, Chande.

Kaka Chande, 21:34
Ndiyo mjomba. Neno likikosewa usipake korekta wala usirudie kulikoleza juu. Piga mstari mmoja, lisomeke bado, andika sahihi juu yake, na mtoa maelezo aweke saini pembeni. Mwisho unamsomea yote, anathibitisha, anasaini. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, na inaandikwa kwamba alisomewa kwa lugha anayoielewa. Kwetu hapa hiyo lugha inaweza kuwa Kimakonde, na mkalimani naye ajiandikishe.
Kuhusu utambuzi wa mtuhumiwa: ipo hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1980 ambayo mpaka leo inatajwa karibu kila kesi ya usiku. Mahakama inataka kujua mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, umbali kati ya shahidi na mtuhumiwa, shahidi alimwangalia kwa muda gani, na kama alimfahamu kabla. Hukumu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Soma moja kwa wiki, na kila mara jiulize: kama ni ya rufaa iliyoshinda, upelelezi ulikosea wapi? Mara nyingi utakuta kielelezo kilitoka mkono hadi mkono bila karatasi, au hati ya ukamataji mali haina saini ya shahidi huru.

Zuhura, 21:36
Na kuhudhuria mahakamani naruhusiwa kuingia tu?

Kaka Chande, 21:41
Mahakama ni ya wazi. Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara pia. Zipo zinazofungwa, kama za watoto na za makosa ya kujamiiana. Uje mapema, simu izimwe kabisa, usirekodi. Daftari ligawe sehemu tatu: shahidi ni nani, nini alikiona kwa macho yake, na swali gani lilimyumbisha. Ukitimiza siku 10 za hivyo utaanza kusikia jibu baya kabla wakili hajasimama.
Sheria za kuwa nazo ni Mwenendo wa Makosa ya Jinai Sura ya 20, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, Ushahidi Sura ya 6, na ile ya Jeshi la Polisi Sura ya 322. Chukua Toleo la Marejeo la 2023. Namba za vifungu vingi zimebadilika, na vitabu vingi vya mitumba mitaani bado ni vya zamani.

JUMAMOSI

Baba mdogo Saidi, 06:20
Zuhura, mwili nao. Usingoje tangazo la ajira litoke. Anza na kilomita 3, siku tatu kwa wiki, na kila wiki ongeza kama sehemu moja ya kumi, mpaka 8 au 10. Wengi huanza na 10 siku ya kwanza, wiki ya pili magoko yanauma, wanaacha. Ukija huku kimbia ufukwe wa Shangani bahari ikiwa imekupwa, mchanga wa chini ni mgumu na hauumizi kama lami. Wa juu mlaini epuka, unachosha kifundo cha mguu.
Na jifunze kuogelea. Polisi wana kikosi cha wanamaji.

Mama Zuhura, 06:25
Asiogelee peke yake.

Baba mdogo Saidi, 06:26
Hawezi dada, ataogelea na mwalimu.

Mjomba Issa, 07:10
Mpwa, sasa karatasi. Hapa ndipo vijana wetu wa kusini wanapokwama, na inauma kwa sababu si kosa la akili. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kidato cha nne lazima liwe lile lile, herufi kwa herufi. Hamisi na Khamis kwa kompyuta ni watu wawili. Weka vyeti vyote mezani ukifika, soma na mama yako. Kama kuna tofauti, anza marekebisho likizo hii, kwa sababu tangazo likitoka muda wa kuomba ni mfupi.
Masharti ya matangazo ya karibuni kwa wenye digrii: umri usizidi miaka 30 (kidato cha nne na sita ni 25), mwanamke asipungue futi 5 inchi 4, asiwe ameolewa wala na mtoto, asiwe na mchoro mwilini, asiwe na kosa la jinai. Barua inaandikwa kwa mkono. Soma tangazo la mwaka wako, hubadilika. Na mwenye digrii naye anapitia mafunzo ya awali kama wengine.
Jingine. Siasa za chuo ni sawa, ila uongozi wa chama mtaani uache. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama.

Shangazi Somoe, 07:30
Na simu yake shemeji. Zuhura, kama uko kwenye makundi yanayorusha picha za maiti za ajali au mtuhumiwa aliyepigwa, toka leo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mbali ya sheria, anayesambaza maiti ya mtoto wa mwenzake hawezi kuaminiwa na siri ya mtu.

Zuhura, 07:41
Nimetoka mawili sasa hivi shangazi. Na utafiti wa mwaka wa tatu? Niliwaza kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho.

Mjomba Issa, 07:52
Mada nzuri, inagusa wakulima wetu. Ila angalia kalenda: msimu wa minada unaanza Oktoba, wewe uko huku Julai hadi Septemba. Utakuta maghala matupu na wanunuzi hawapo. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo mkulima anapokosa hela na kuuza korosho ingali mtini. Waulize wakulima na viongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) sababu za kuuza mapema, usiwatafute wanunuzi. Hiyo inatosha kabisa kwa sosholojia, na haikuweki hatarini. Kibali cha utafiti kipitie ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwanza, ndipo mtendaji wa kijiji atakupokea.

Kaka Chande, 08:05
Na lugha. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Wengi wanaovuka hawana Kiswahili cha kutosha kutoa maelezo. Kireno cha miezi sita kitakuweka juu ya mwombaji yeyote atakayepangwa mpakani. Lugha ya alama vilevile.

Zuhura, 16:48
Kaka nimeandika upya:
"Saa 12:20 jioni, niliangalia simu, jua lilikuwa limezama lakini naona. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya duka, upande wa bahari, nimeelekea barabarani. Pikipiki nyekundu ilitoka upande wa Lindi, haikupunguza kwenye tuta. Ilimgonga mzee akiwa amefika katikati ya barabara, mita 15 kutoka nilipokaa. Dereva alisimama, nikasikia harufu ya pombe alipopita mbele yangu, akapanda tena akaondoka kuelekea mjini. Niliona MC 4 tu. Muuza duka alisema anamfahamu."

Kaka Chande, 17:15
Hii inasimama. Mambo mawili. Mita 15 ulipima? Kama hukupima, andika "nakadiria" na utaje kitu cha kulinganisha, mfano kutoka benchi mpaka nguzo ya umeme. Na "naona": uliona uso wake, au uliona nguo na pikipiki?

Zuhura, 17:19
Nguo na pikipiki.

Kaka Chande, 17:20
Basi andika hivyo hivyo.