Gini kwenye data za makundi, kundi la juu halina mwisho, nifanyeje?

BintiMwaloni
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho chuo, utafiti wangu ni tofauti ya kipato kwa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, nimehoji watu 200. Sasa mtu ukimuuliza unaingiza shilingi ngapi hasemi, ndo maana kwenye dodoso nikaweka makundi ya kipato cha mwezi. Chini ya laki 1 wako 60, laki 1 mpaka 2 wako 70, laki 2 mpaka 4 wako 45, laki 4 mpaka 8 wako 17, zaidi ya laki 8 wako 8. Nimechukua katikati ya kila kundi, hilo la juu nikaweka laki 8 basi, Gini (kile kipimo cha tofauti ya kipato, 0 wote sawa, 1 mmoja kachukua vyote) imetoka 0.44. Sapavaiza kaniuliza kwa nini laki 8, nikakosa jibu. Naombeni msaada jamani, wiki ijayo narudi kwake.

Mzee wa Hesabu
Marahaba binti. Nimeirudia hesabu, iko sawa, tatizo ni hiyo laki 8, umewachukulia wote nane kama wako mlangoni wakati wenyewe wamekwambia wanazidi hapo. Jaribu Pareto, ile kanuni ya kukadiria vipato vya wachache walioko juu, alfa ikiwa ndogo maana yake wa juu kabisa wanawaacha wenzao mbali. Makundi mawili ya juu yana watu 25, gawa kwa 8, chukua ln yake (logi asilia, iko kwenye kikokotoo), ugawe kwa ln ya 800/400, yaani mwanzo wa makundi hayo mawili kwa maelfu, unapata alfa 1.644. Wastani wa kundi la juu ni 800,000 mara alfa, gawa kwa alfa toa 1, inakuja kama milioni 2.04. Rudia Gini utaona imefika 0.54. Watu 8 tu hao!

Kaka Dodoso
Mzee uko sahihi ila watu 8 ni wachache mno, wangekuwa 5 na hao watatu wakahamia kundi la chini yake alfa inakuwa 2.32 na wastani unashuka mpaka milioni 1.4 hivi. Dada, namba zao za simu si unazo? Wapigie. Na uliwauliza mauzo au faida? Mtu anayepakia dagaa wa Congo anaweza kukutajia hela ya mzigo mzima ukadhani ndo kipato chake.

Mama Kokotoo
Naongezea, hata ukipata wastani wa kweli wa kila kundi bado Gini itatoka chini kidogo, maana umewafanya watu wa kundi moja wote sawa na hawako sawa. Iandike hivyo kwenye ripoti. Halafu usiilinganishe na ile 0.38 ya nchi ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) ya 2017/18, ile ni ya matumizi ya kaya, wewe umepima kipato cha mtu, tena wa soko moja.

BintiMwaloni
Asanteni sana, nimeelewa. Nimewapigia, sita wamepokea, wanne wamenitajia kiasi ila wawili wanasema tu inategemea gunia. Hao nifanyeje?

Kaka Dodoso
Waulize mwezi uliopita waliuza gunia ngapi na kila gunia liliwabakishia shilingi ngapi baada ya kutoa bei ya kununulia, usafiri, ushuru na vibarua. Hapo watakujibu, hesabu ya gunia wanayo kichwani.