Nina dredi na nimeitwa kwenye usaili wa afisa mikopo: je, nizikate?

Mhitimu wa Uyole ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za majukumu. Mimi ni kijana wa miaka 27. Nilihitimu shahada ya uhasibu miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ninasimamia kibanda cha uwakala wa miamala ya fedha hapa Uyole huku nikituma maombi ya kazi kila ninaposikia pana nafasi. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na taasisi moja ya mikopo midogo iliyoko mjini Mbeya, nikaambiwa nifike kwenye usaili Alhamisi ijayo kwa nafasi ya afisa mikopo, ambaye kazi yake itakuwa kuvizungukia vikundi vya Rungwe na Busokelo kwa pikipiki.

Tatizo langu liko kichwani, na sisemi kwa mafumbo. Nina dredi za miaka mitano, zimenifika mabegani. Nilizianza nikiwa mwaka wa kwanza chuoni kwa sababu nilizipenda tu. Si suala la imani, sivuti chochote, na ninaziosha kila Jumamosi.

Mwaka jana nilikwenda kwenye usaili mwingine Iringa. Mezani walikuwa watu watatu. Wawili waliniuliza kuhusu mizania na makato ya mishahara, nikajibu vizuri. Wa tatu, ambaye muda wote alikuwa ameegemea kiti bila kusema neno, akaniuliza: "Na hizo nywele, tukikuajiri utazifanyaje?" Nikamjibu kwamba ninaweza kuzifunga. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, kifupi mno, nadhani hakikuzidi neno moja, na sikuitwa tena. Siwezi kuthibitisha kwamba nilikoseshwa na nywele, kwa maana huenda alikuwepo mwenye uzoefu kunizidi, lakini hadi leo ninajiuliza lile neno lilikuwa nini.

Baba anasema nikate leo kabla ya kesho. Dada yangu, ambaye amesuka rasta zinazomfika kiunoni na anafanya kazi benki bila kusumbuliwa na mtu, anasema nikikata nitajuta. Naombeni ushauri wa wanaojua mambo haya kwa kuyaona, si kwa kuyasikia.

Kinyozi wa Mwanjelwa amejibu:

Mdogo wangu, kuajiri siajiri, lakini vichwa vya waombaji kazi vinapita mikononi mwangu kila wiki, na jioni ya Jumapili ndiyo huwa wengi zaidi. Wakishaketi, wengi hawataji hata mtindo. Wanasema, "Kaka, nikate ya usaili," nami ninaelewa: pande zote zishuke sawa, pasiwe na mistari ya kuchora pembeni, rangi ya juu iondoke, ndevu zisawazishwe. Mwenye kiduku ninamtengeneza ndani ya dakika kumi, na akitoka hapa hakuna atakayejua kwamba jana alikuwa na kiduku.

Dredi hazina njia hiyo ya katikati, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ngozi ya kichwa chako haijaliona jua kwa miaka mitano. Ukizikata Jumatano usiku, Alhamisi utaingia chumba cha usaili ukiwa na rangi mbili, uso wa kahawia na kichwa kilichopauka kama cha mtu aliyeruhusiwa wodini jana yake, na ukipiga wembe utaongeza na vipele vya kisogoni. Nimemwona kijana akiwa hivyo, na alikuwa anajipapasa kichwa kila baada ya sekunde chache kwa sababu hakuwa amekizoea. Ikiwa utaamua kukata, njoo Ijumaa hii au Jumamosi, tutumie mashine namba mbili, wembe tuuache. Tutazikatia mbali kidogo na ngozi, uziweke kwenye mfuko mkavu kwa mpangilio wake, kwa sababu mkono mzuri wenye sindano ya kroshia unaweza kukuunganishia tena siku za mbele. Na ununue kofia, maana baridi ya Juni ya kwetu unaijua.

Ikiwa hukati, usizioshe Jumatano. Dredi nene hazikauki upesi kwenye baridi hii, na zikifungwa mbichi zinatoa harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Zioshe Jumatatu, Jumanne tusokote mizizi ili ngozi ionekane safi kwenye mistari, kisha zifungwe chini, usawa wa kisogo. Ukizifunga juu utosini zinakuwa kama kilemba, na msaili ataongea na kilemba.

Mstaafu wa Kihesa amejibu:

Kamwene. Nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 31, sehemu kubwa nikiwa Iringa na Njombe, na nimekaa kwenye meza za usaili za serikali na za watu binafsi. Kijana, yule bwana aliyeegemea kiti ninamfahamu, kwa maana huenda nimewahi kuwa yeye.

Kwanza utofautishe milango. Katika nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mara nyingi mnaanza na mchujo wa kuandika, na karatasi ya mtihani haina nywele. Ukifika kwenye mahojiano umekwisha kuwashinda mamia kwa kalamu yako. Taasisi ndogo ya mikopo inaweza isiwe na mchujo wa namna hiyo: unaingia, unakaa, na ndani ya dakika kumi na tano watu watatu wanaamua. Mahali penye muda mfupi na maswali machache, macho ndiyo yanayofanya kazi kubwa, na wewe unaingia mahali pa namna hiyo.

Katika fomu zetu palikuwa na kipengele cha mwonekano chenye alama tano kati ya mia. Mtu anaweza kudhani kwamba alama tano si kitu, nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kuangalia fomu za wenzangu baada ya usaili na kuona kwamba aliyepewa moja katika mwonekano alipewa pia kidogo katika kujieleza, na kidogo katika kujiamini, ingawa sote tulimsikia akijieleza vizuri. Nywele hazikumnyima alama nne. Zilimpunguzia huku na huku, na hakuna aliyeandika kwamba sababu ilikuwa nywele.

Ukitaka kujua tulivyofika huko, tazama umri wa wanaokaa mezani. Sisi tulisoma shule ambazo nywele zikizidi urefu fulani mwalimu wa zamu alikupitisha mkasi katikati ya kichwa ili ulazimike kuzimalizia mwenyewe. Wengi tukapita Jeshi la Kujenga Taifa, ambako kichwa kilinyolewa kabla hujaonyeshwa pa kulala. Wakubwa wetu walishuhudia Operesheni Vijana ya mwaka 1969, vijana wa TANU walipowasaka wenye vimini, mawigi na suruali za kubana. Mtu aliyelelewa hivyo akiona nywele ndefu kwa mwanaume anaona kwanza ukaidi, na hata akijikanya, jicho limekwisha kusema.

Sikwambii ukate. Ninakwambia upige simu ofisini kwao kesho asubuhi, uulize kwa adabu kama wana utaratibu wa mavazi na nywele kwa maafisa wa nje. Ukiuliza hutaonekana msumbufu, na jibu litakuepusha na kubahatisha. Na ukiulizwa tena lile swali la Iringa, usiseme "ninaweza kuzifunga". Sema, "Nimezifunga, na kazini nitakuja hivi kila siku."

Mama wa kikundi, Tukuyu, amejibu:

Mimi ndiye mteja mnayemzungumzia, maana ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na watano tunaokopa na kurejesha kila wiki, kwa hiyo na mimi nina haki ya kusema. Mwaka juzi tulipata afisa mwenye nywele za kusokotwa kama zako. Siku ya kwanza bibi mmoja alimwuliza kama amekuja kutuimbia, tukacheka, na yeye akacheka, akasema ataimba marejesho yakikamilika. Basi ikawa utani wetu. Alifika kila Jumanne saa tatu kamili, mvua ikinyesha au isinyeshe, akavua kofia ya pikipiki, akasalimia wazee kwa kupiga magoti kidogo kama inavyotakiwa huku kwetu, akafungua daftari.

Aliyemfuata alikuwa na kichwa kilichonyolewa kikang'aa, shati jeupe na tai, na alijikopesha fedha zetu za akiba akazitia mfukoni mwake, mpaka tulipokwenda kumshtaki kwa meneja wake. Hata hivyo sitakudanganya, mwanangu: wiki ya kwanza yule wa nywele nilihesabu fedha mara tatu mbele yake, na huyu wa tai nilihesabu mara moja.

Wakili wa Njombe amejibu:

Ninaongeza upande wa sheria, kwa kuwa watu wengi huamini ama kwamba inawalinda kabisa, ama kwamba haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na kwa madhumuni ya kifungu hicho mwombaji wa kazi huhesabiwa pamoja na mwajiriwa. Imetaja misingi mingi, ikiwamo rangi, kabila, dini, jinsi, ulemavu na umri. Mtindo wa nywele haumo. Kijana mwenye dredi kwa imani ya Rastafari anaweza kujenga hoja juu ya dini. Wewe umesema wazi kwamba unazipenda tu, na kwa ukweli huo umejiondolea hoja yenye nguvu zaidi.

Hoja ya jinsi inabaki, yaani ile ya dada yako wa benki. Afrika Kusini, askari magereza wanaume wa Pollsmoor walifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata dredi, ilhali wenzao wanawake waliruhusiwa kuwa nazo, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2013 iliamua upande wa askari hao, ikisema hapakuwa na ushahidi kwamba nywele zilipunguza utendaji wao. Kwa jirani zetu Malawi, Mahakama Kuu iliamua Mei 2023 kwamba watoto wa Rastafari wasizuiwe kusoma shule za umma kwa sababu ya dredi. Hukumu hizo haziwafungi majaji wetu, na zote zilibebwa kwa sehemu kubwa na dini au mila.

Kumbuka pia kwamba sheria yetu inamruhusu mwajiri kumpambanua mtu kwa sharti linalotokana na kazi yenyewe. Kwenye kiwanda cha chai chenye mikanda inayozunguka, au kiwanda cha mbao Mafinga, nywele zinazoning'inia ni hatari na hakuna wa kubishana. Afisa mikopo hana mkanda unaozunguka. Ana kofia ya pikipiki tu, na ningeanza kwa kuangalia kama inaingia sawasawa juu ya nywele ulizozifunga.

Mhitimu wa Uyole amejibu:

Ndaga fijo kwenu nyote. Leo saa mbili na nusu asubuhi nimepiga simu kama alivyoelekeza mzee wa Kihesa. Amepokea dada wa mapokezi, nikamwuliza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza zina urefu gani. Nikamwambia zinafika mabegani. Akasema ngoja, nikamsikia akimwuliza mtu, na yule mtu akajibu kitu nisichokisikia vizuri, halafu akarudi na kuniambia: "Zifunge, na usisahau vyeti halisi."

Kofia ya pikipiki nimeijaribu kwa bodaboda wa jirani. Zikifungwa chini inaingia. Zikifungwa juu haiingii hata nusu. Mama wa Tukuyu, ile hesabu ya mara tatu nimeielewa. Kinyozi, Jumatatu nitaziosha mwenyewe, na Jumanne nitakuwa kwako saa kumi na moja jioni kwa ajili ya mizizi. Mashine usiiwashe.