Anayenunua na kuuza tena katika mchezo wa mtandaoni wa Old School RuneScape: mchuuzi au mlanguzi?

Swali

Wakuu, salaam. Jana niliua majoka kwa saa tatu, nikapeleka mifupa 240 sokoni Grand Exchange na, kwa kuwa nilitaka fedha za silaha upesi, nikaiuza kwa bei ya chini. Iliondoka kabla sijafunga dirisha. Nusu saa baadaye niliona mifupa kama hiyo ikinunuliwa kwa bei ya juu, na nina hakika faida imekwenda kwa mtu ambaye hajawahi kukaribia joka lolote. Kwa nini watu wa namna hii wanavumiliwa?

Jibu la 1

Ndugu yangu, mimi ni mmoja wao, kwa hiyo yapime maneno yangu. Ukiweka bei ya chini, soko hukupatia bei ya mnunuzi aliyekwisha kuweka ombi kubwa kuliko wengine, na mara nyingi mnunuzi huyo ni mtu kama mimi, aliyeacha fedha zake zimefungwa pale tangu asubuhi. Bila sisi ungesubiri mtu anayeihitaji mifupa kweli. Tena faida si kubwa kama mnavyodhani: kodi ya mauzo, iliyoanza kwa asilimia 1 Desemba 2021, sasa ni asilimia 2, na anayeilipa ni muuzaji. Nikinunua mfupa kwa 2,450 na kuuuza kwa 2,500, kodi inachukua 50 na ninabaki mikono mitupu.

Jibu la 2

Mchezo huu ulipofunguliwa Februari 2013 soko hilo halikuwapo, lilikuja 2015. Miaka hiyo miwili tulisimama kwenye benki ya Varrock, mji wa ndani ya mchezo, tukiandika tangazo lile lile hadi vidole vinauma, na mgeni asiyejua bei alinyonywa ana kwa ana. Uchuuzi, basi, haukuletwa na soko. Ninaowachukia mimi ni walanguzi hasa, yaani vile vikundi ambavyo viongozi wake hununua kimyakimya bidhaa isiyouzwa kwa wingi, kisha wakawaagiza wafuasi wao waikimbilie wote kwa pamoja. Bei ikipanda, viongozi wanauza, na wafuasi ndio wanaobaki na mzigo usionunulika. Kila bidhaa ina kikomo cha kununua kwa saa nne, lakini kikomo hicho humbana mtu mmoja mmoja, na kikundi chenye watu mia moja hukiruka bila shida.

Mwuliza swali

Nashukuru. Hesabu ya kodi sikuwa nimeifanya, na habari ya vikundi inanikera kuliko ya mchuuzi wa jana. Hata hivyo sijaridhika kwamba anayekaa sokoni siku nzima amefanya kazi sawa na anayechomwa moto na majoka. Leo nimeweka mifupa mingine 200 kwa bei ya juu. Tangu asubuhi imenunuliwa 31.