Dokta anataka kumtoa mdogo wangu maji ya mgongo, familia imegoma. Nifanyeje?

Binti Rangi Tatu:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa haraka, hapa nilipo nje ya wodi tunagombana.

Mdogo wangu ana miaka 26, anaendesha bajaji huku Mbagala. Kichwa kimemuuma tangu mwanzoni mwa mwezi na kila siku kinazidi. Duka la dawa wakampa panadol, halafu diklofenaki. Zahanati ya kwanza wakasema malaria, akameza dawa ya mseto akamaliza. Ya pili kipimo kikaonyesha hana malaria, wakasema basi ni taifodi, akachomwa sindano. Wapi. Wiki hii ndiyo imekuwa balaa: ametundika shuka dirishani hataki mwanga, anatapika hata maji, na juzi usiku kaniita jina la bibi yetu marehemu huku ananiangalia usoni.

Tukamkimbiza hospitali. Wamemkuta na VVU, mwenyewe hakuwa anajua (humu hakuna anayenifahamu, kwa hiyo nasema yote). Dokta anasema lazima watoe maji ya uti wa mgongo. Baba mdogo kagoma kusaini, eti kuna kijana Mbande alichomwa hivyo akapooza akafa. Anataka tuombe ruhusa tumpeleke kwa mtaalamu Mkuranga. Mama analia tu. Mwenye kujua aniambie ukweli.

Mzee wa Kigogo:
Poleni sana. Hiyo sindano si ya kuchezea, jirani yangu hakuinuka tena. Msomeeni dua kwanza, hospitali mtarudi.

Nesi Mkongwe:
Mzee wa Kigogo, shikamoo, lakini usituulie mtoto. Dua isomwe hapo hapo kitandani, hakuna anayekataza.

Binti, pole mama. Nimefanya kazi wodi ya wanaume hapa hapa Dar miaka mingi, na huyo kijana wa Mbande nimeshamsikia kwa majina ya mitaa yote. Kinachotokea ni hiki: ndugu wanakataa leo, wanakataa kesho, mgonjwa akishaanza kukoroma ndipo wanasaini. Anachomwa, usiku anafariki, sindano inabeba lawama.

Mwambie baba mdogo hivi. Uti wenyewe wa fahamu kwa mtu mzima unaishia juu ya pale panapochomwa. Sindano inaingia chini zaidi, usawa wa mifupa ya nyonga, penye maji na nyuzi za fahamu zinazoelea. Analazwa ubavu, magoti kifuani, kidevu chini, anasafishwa, anachomwa ganzi. Matone yanakingwa kwenye vichupa, basi. Baadaye kichwa kinaweza kuuma akikaa au akisimama, kwa kawaida kinaisha siku chache. Na dokta hachomi kiholela: akiona upande mmoja umelegea au mgonjwa ana degedege, anataka kwanza picha ya CT.

Kwa nini wang'ang'anie maji? Kwa sababu magonjwa yanafanana na dawa zinapingana. Ugonjwa wa uti wa mgongo (utando wa ubongo na uti kuvimba) wa bakteria huja mbio, saa chache au siku mbili tatu, na seftriaksoni, antibiotiki ya mshipa, haisubiri majibu. Wa TB huja taratibu, dawa zake ni za miezi mingi, na wanaongeza deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Halafu kuna fangasi, kriptokokasi, anayekaa kwenye udongo na mavi ya ndege. Tunamvuta wengi kwa pumzi, ila humwangusha zaidi yule ambaye CD4, yaani askari wa kinga ya mwili, imeshuka chini ya 100. Homa inaweza isiwepo, shingo inaweza isikaze, ni kichwa tu kwa wiki kadhaa. Ukimpa huyu ile deksamethasoni ya mwenye TB unamuumiza. Utafiti mmoja ulisimamishwa njiani kwa sababu hiyo. Nani atakisia hapo kwa macho?

Kwa maelezo yako, wa kwanza ninayemshuku ni huyo fangasi. Uliza kama wameshampima kwa damu, kipimo chake ni cha dakika kumi. Kuna utafiti ulifanyika Dar na Lusaka, matokeo yakatoka 2015: wagonjwa wenye CD4 ndogo waliopimwa fangasi mapema na kufuatwa nyumbani walipoanza ARV, vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Muuza Vitenge:
Dada, mimi nilikuwa huyo mdogo wako. Fangasi huyo huyo. Walipochoma, maji yakapanda kwenye kile kibomba cha kupimia mpaka nesi akaguna. Wakatoa kiasi, na nakuapia kichwa kililegea nikiwa bado nimelala ubavu. Walirudia mara kadhaa mpaka presha ya hayo maji ikatulia. Dawa ya mshipani ilinitetemesha kweli kweli, vidonge vya fangasi, flukonazoli, nikameza miezi na miezi. Leo nabeba marobota Kariakoo mpaka ghorofa ya tatu. Kupooza ndio kupi huko?

Kijana wa Sinza:
Nesi samahani, mimi kichwa changu hupiga upande mmoja na kichefuchefu, nikilala gizani kesho yake niko fiti. Miaka mitano sasa. Na mimi nichomwe?

Nesi Mkongwe:
Hapana, hicho kinafanana na kipandauso. Meza dawa mapema kinapoanza, lakini usifikishe siku 15 za panadol kwa mwezi, maana hapo dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Kikibadilika tabia, nenda ukaonwe. Sasa muachie binti uzi wake.

Binti Rangi Tatu:
Baba mdogo kavaa miwani kasoma yote kwenye simu yangu. Kasaini. Maji yametoka meupe kama ya kunywa, sasa anasema "mnaona, hamna ugonjwa". Ni kweli?

Nesi Mkongwe:
Si kweli. Ya bakteria ndiyo huwa na ukungu, ya fangasi mara nyingi hutoka meupe hivyo hivyo. Subirini maabara. Uliza presha ya hayo maji ya mgongo imesoma ngapi. Ikizidi sentimita 25 za kile kibomba waulize watatoa tena lini. Wakithibitisha fangasi, uliza wanayo amfoterisini gani, ile dawa ya fangasi ya mshipani: kuna inayopewa dozi moja kubwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza 2022, pamoja na vidonge. Kama ni ile ya zamani ya kila siku, figo na potasiamu vipimwe mara kwa mara. Na ARV asianzishiwe leo wala kesho, husubiriwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo mama asiwagombeze wakimchelewesha. Ukipata majibu yaandike hapa, niko zamu ya usiku.