Kaninyang'anya glasi mbele ya wakwe kisa mkate wa mayai! Huyu mtu tumfanyeje?

Binti Hombolo:
Wakuu, salamu leo sina. Naandikia kwenye daladala, makosa ya herufi mtavumilia. Jina simtaji, mnamjua. Yule aliyefika Stellenbosch, kule kwa waini za Afrika Kusini, mara moja akarudi anazungusha hata maji ya Kandoro kwenye glasi.

Kikao cha harusi ya kaka kimeisha, mwenye nyumba katoa sandwichi za kawaida: mkate wa slesi, mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na mayonezi, kitunguu, pilipili kwa mbali. Pembeni chupa za waini ya Dodoma, nyekundu na nyeupe. Nikajimiminia nyekundu. Nimeng'ata, nimepiga funda, mara nashikwa mkono na huyo huyo wa Stellenbosch. Kachukua glasi. Kaiangalia kwenye taa. KAIRUDISHA KWENYE CHUPA. Halafu wakwe wanasikia: "Dada, mkate wa mayai ni wa chai."

Kwa waliochelewa: kairudisha kwenye chupa! Waini niliyokwisha kuinywa, na mdomo una mayonezi!

Ndipo mhadhara ukaanza. Eti nyekundu ina tanini, ule ukakasi wa zabibu, ikikutana na yai unabaki na ladha ya msumari. Eti ningechukua nyeupe kavu, isiyo tamu, Chenin Blanc, uchachu wake unakata mafuta ya mayonezi. Haya. Lakini nyekundu yenyewe kaiacha juu ya kabati tangu asubuhi, anasema inanywewa kwa joto la chumbani. Chumba cha nani? Hilo joto ni la vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Sisi tuko Tabata, Februari! Ile ilikuwa supu. Na mtu wa supu ndiye kairudisha glasi yangu kwenye chupa!

Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Bibi yangu analima Hombolo. Leo nifundishwe kunywa na huyu?

mzee_wa_kimara:
Swali dogo tu. Baada ya kuirudisha, ile chupa nani aliimalizia?

Binti Hombolo:
Mjomba wa bibi harusi. Hilo tuliache.

Kondakta Mstaafu:
😂😂😂 Mjomba kanywa waini ya mayai bila kujua. Undugu umeshakolea, mahari ipunguzwe.

chumvi_kiasi:
Dada, jamaa adabu hana ila yai kapatia. Nyekundu weka na sandwichi ya nyama choma iliyobaki jana. Chukua ile ya zabibu za Makutupora, mafuta ya nyama yanaua ukakasi wote. Ukiwa na mkate wa dagaa usiguse kabisa nyekundu, utadhani umelamba sarafu.

Binti Hombolo:
Nani kauliza habari za dagaa? KAIRUDISHA KWENYE CHUPA.

Pilipili Mbuzi:
Umesema kulikuwa na pilipili? Waini yenye kilevi kingi inachochea moto tu. Hapo ni nyeupe tamu, iliyolala kwenye friji.

Kondakta Mstaafu:
Mimi naweka barafu kwenye nyekundu. Njooni mnikamate.

Mama Slesi:
Mnabishana waini wakati mkate wenyewe siku hizi ukiinua slesi moja unamuona jirani. Mayai yanapita katikati yanakudondokea kwenye gauni. Tuanzie hapo.

mzee_wa_kimara:
Ngojeni kwanza. Kikao cha kamati kina waini? Kwa michango ya nani?

chumvi_kiasi:
Eheee. Hapo sasa.

Binti Hombolo:
Chupa alileta mwenye nyumba! Tusitoke kwenye mada jamani.

Pilipili Mbuzi:
Wote husema hivyo. Mimi nilichanga kadi ya watu wawili, ukumbini tukapewa soda moja na mirija miwili.

Mama Slesi:
Bora nyinyi mlikaa. Sisi tuliambiwa viti vya wachangiaji vimekaliwa na ndugu.

Binti Hombolo:
Hivi kuna hata mmoja aliyesoma uzi wangu?

Kondakta Mstaafu:
Dada, sogea kidogo, watu wana machungu hapa. Mama Slesi, endelea. Chakula je, mlipata?

Mama Slesi:
Pilau la ukoko. Na mweka hazina wetu amehama mtaa. Anayejua alikohamia aje PM.