Tupeane uzoefu: tuliofundisha Korea Kusini, fahari yao ya taifa mliionaje?

Jirani wa Mto Han (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna video zinazunguka za walimu wa kigeni, wengi wao Wamarekani na Waingereza, wakiwasema Wakorea. Eti wana majivuno, kila cha kwao ndicho bora, ukishuka tu uwanja wa ndege unaulizwa kama unakula kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, kama unavijua visiwa vya Dokdo wanavyogombania na Japani, kama unajua kwamba nchi yao ina majira manne. Zimeniuma. Nafundisha Kiswahili chuoni, mkoa wa Gyeonggi, na watu ninaoishi nao siwaoni kwenye hizo video. Naomba sisi tuliosimama mbele ya wanafunzi wa kule tusimulie tuliyoyaona wenyewe, mazuri na machungu.

Nianze mimi. Tarehe 9 Oktoba Korea Kusini nzima inapumzika kwa sababu ya herufi zao, Hangul. Mwaka 1991 serikali iliiondoa siku hiyo kwenye orodha ya mapumziko, watu hawakuridhika, na mwaka 2013 ikarudishwa. Wiki moja kabla ya sikukuu niliwaambia wanafunzi wa mwaka wa pili wanieleze kwa Kiswahili kwa nini taifa zima lisimame kwa ajili ya alfabeti. Nilitarajia habari za Mfalme Sejong, aliyeziunda herufi hizo mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, maana yuko kwenye noti ya won 10,000 na sanamu yake iko katikati ya Seoul. Binti mmoja akanyanyuka na daftari lake, akasoma polepole: "Watu walifungwa kwa sababu ya kamusi. Wawili walikufa gerezani."

Darasa zima walikuwa wanalijua jambo hilo. Mwaka 1942, chini ya Wajapani, wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea walikamatwa wakiwa kwenye kazi ya kutunga kamusi ya lugha yao. Miswada ikachukuliwa kama ushahidi. Vita vilipokwisha, Septemba 1945, miswada hiyo ilikutwa kwenye ghala la stesheni ya reli ya Seoul, na juzuu ya kwanza ikatoka 1947.

Nikawaza habari zetu. Usanifishaji wa Kiswahili, kuanzia ile kamati ya 1930, ulisimamiwa na mkoloni mwenyewe, kwa manufaa yake. Kwao mkoloni aliwafunga walioandika kamusi. Mtu ambaye babu yake alikatazwa lugha yake shuleni, leo akikwambia "herufi zetu ni za kisayansi," huwezi kumsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayejigamba kwa gari jipya. Hiyo ndiyo hoja yangu: fahari ya Mkorea imeota juu ya kidonda, na mwalimu anayeicheka hajakiona kidonda.

Karibuni.

---

Nyota ya Rift

Asante kwa kuanzisha mazungumzo haya, mwalimu.

Mimi ni Mkenya niliyekulia Canada, na nilifundisha Kiingereza Daegu kwa hiyo pasipoti ya Canada. Niliweke hili wazi kwa vijana wanaoniandikia kila mara: viza ya kufundisha mazungumzo ya Kiingereza, E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu, yaani Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wakala akikuomba pesa Nairobi akuahidi kazi hiyo kwa pasipoti ya Kenya, kimbia.

Kisa changu ni cha tufe la dunia. Kituo changu cha tuisheni, wao wanaita hagwon, kilikuwa na tufe la zamani kwenye rafu, limeandikwa "Sea of Japan" kwenye maji ya kati ya Korea na Japani. Siku moja naingia darasani, watoto wa miaka minane tisa wamelizunguka. Mmoja ameshika gundi. Wamekata kipande cha karatasi chembamba kabisa, wakaandika kwa Kiingereza "East Sea", yaani Bahari ya Mashariki kama wanavyoiita wao, wakakibandika juu ya lile jina kwa uangalifu kiasi kwamba hata ukingo haukunyanyuka. Kisha kwa kalamu nyekundu wakaweka vitone viwili vidogo: Dokdo. Waliponiona hawakukimbia. Waliniita nije nione kazi yao.

Mwenzangu Mmarekani alisema watoto wamelishwa siasa. Ni kweli wanafundishwa shuleni, hata mimi nilifundishwa Mau Mau shuleni. Lakini nilimuuliza: kama ramani zote duniani zingeandika jina la aliyekutawala juu ya ziwa la kwenu, ungemwachia mtoto wako? Japani iliviingiza visiwa vile kwenye mkoa wake wa Shimane mwaka 1905, na miaka mitano baadaye Korea nzima ikamezwa. Kwa Mkorea, Dokdo ndipo wizi ulipoanzia. Tufe lile liliachwa vilevile, na mkuu wa kituo akaliweka mahali pa mbele.

---

Mgosi wa Daejeon

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikisaidia maabara za mwaka wa kwanza. Langu ni fupi. Wakorea wanapenda kusikia umeona kitu chao kwenu. Niliwaonyesha picha ya Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililojengwa na kampuni ya kwao, na vichwa vya treni ya umeme ya SGR vilivyotengenezwa na Hyundai Rotem. Hawakuwa na habari! Kijana mmoja akampigia baba yake simu palepale. Ile furaha yake haikuwa ya kunidharau. Alifurahi kwamba nchi ambayo bibi yake alilala njaa ndani yake, leo inajenga kwa watu.

---

Mwana wa Kivu

Ndugu zangu, naheshimu yote yaliyosemwa, ila mimi nitasema upande mwingine, maana nao ni wa kweli.

Nimezaliwa Bukavu, nikakulia Cape Town, nikafundisha shule ya msingi ya serikali kijijini, Jeolla Kusini. Vijiji vile vimebaki na wazee. Wanaume wengi waliobaki wameoa wake kutoka Vietnam, Ufilipino, Kambodia. Darasani kwangu kulikuwa na mvulana, mama yake Mvietnam. Kikorea chake hakikuwa na kasoro hata moja. Mwalimu wa darasa alipokuwa akieleza habari za taifa lenye damu moja tangu Dangun, mwanzilishi wa taifa lao katika hekaya, yule mtoto alikuwa anatazama meza. Wenzake hawakumtukana. Walimgeukia tu wakamtazama, wote kwa pamoja.

Nikapanga somo la salamu: kila mtoto alete salamu moja ya lugha ambayo mwenzake haijui. Mimi nikaleta "jambo" na "mbote". Mvulana alinyamaza wiki ya kwanza. Wiki ya pili mama yake mwenyewe akaja shuleni, amevaa nguo za shamba, akasimama mlangoni akasema "xin chào", na watoto wakaitikia. Kuanzia hapo mtoto akaanza kuwafundisha wenzake kuhesabu Kivietnam wakati wa kupanga foleni ya chakula. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo, akaniomba tulifanye tena mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kidonda nakielewa, mimi mtu wa Kongo sihitaji kuelezwa ukoloni. Lakini fahari ya damu inamuumiza mtoto ambaye hajamkosea mtu. Na sisi weusi tunajua namna viti vya pembeni yako vinavyobaki wazi kwenye basi.

---

Jirani wa Mto Han

Mwana wa Kivu, umesema kweli na nakushukuru. Sitaki uzi huu uwe wa kusifia tu.

Niongeze moja ambalo walimu wengi hawalijui. Kiapo cha bendera kilikuwa kinataja utukufu wa nchi na wa "kabila" la Wakorea. Mwaka 2007 maneno yakabadilishwa, sasa kinataja Jamhuri ya Korea iliyo huru na yenye haki. Mwaka huohuo kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi iliwaonya kuhusu hii habari ya damu moja. Wenyewe kwa wenyewe wanabishana kuhusu jambo hili, tena kwa ukali kuliko sisi wageni.

---

Binti Shangani

Assalaam alaykum nyote.

Mimi nlifundisha skuli ya kati mjini Chuncheon, mkoa wa Gangwon, na navaa hijabu. Siku za mwanzo chakula cha skuli kilinipa tabu, maana nyama ya nguruwe imo kwenye mambo mengi. Mama mpishi mkuu, mtu mzima, hajui neno la Kiingereza, alinichunguza siku mbili tatu ninachoacha kwenye sinia. Akaanza kunipikia samaki wa kuoka pembeni, sahani ndogo imefunikwa, na kimchi yangu mbali. Alikuwa akisimama hadi nionje ile kimchi. Sasa wale wenzetu kwenye video wanalalamika kuulizwa kama wanakula kimchi. Yule mama alikuwa ananiuliza kama nimeshiba nchini kwake.

Chuncheon kuna ukumbusho wa askari wa Ethiopia waliopigana Vita vya Korea, kikosi cha Kagnew alichokituma Haile Selassie, kilichofika 1951. Nilipita hapo Jumamosi na mzee mmoja mwenye fimbo akanisimamisha. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar, Afrika Mashariki, nikamwonyesha ramani kwenye simu. Kidole chake kikapanda kutoka kwetu hadi Ethiopia, akainama hadi kiunoni. Mimi si Muhabeshi, na nilimwambia. Akasema kwa kupitia kijana aliyetutafsiria kwamba wale ni majirani zangu, basi nizipokee mimi shukrani.

Na la dhahabu lazima nilisimulie. Makamu mwalimu mkuu wetu alikuwa kijana mwaka 1998, nchi imekaribia kufilisika, IMF imeingia. Watu wakapanga foleni kutoa dhahabu zao iuzwe nje nchi ipate dola, wao walipwe kwa won. Kwao mtoto akitimiza mwaka hupewa pete ndogo ya dhahabu. Mama yake alizitoa za watoto wote, akabakisha picha. Zilikusanywa karibu tani 227 nchi nzima, na deni la IMF likamalizwa Agosti 2001, kabla ya wakati. Nilimuuliza kama mama alijuta. Akanijibu kuwa mama alijuta jambo moja tu, kwamba pete ya ndoa hakuitoa siku ileile, aliitoa wiki iliyofuata.

---

Chaki Nyeupe

Dada wa Shangani umeniliza.

Mimi nilikuwa Seoul, tuisheni ya wanafunzi wa sekondari. Niseme mzigo ambao fahari hii inawatwisha watoto. Sheria ya jiji inataka hagwon zifungwe saa nne usiku, na saa nne kasoro dakika watoto wangu walikuwa bado wameinamia karatasi. Mmoja alikuwa anasimama nyuma ya darasa ili asilale. Nilimwambia nenda nyumbani. Akanijibu sentensi ambayo nimeisikia kwa wazazi, kwa madereva wa teksi, kwa kila mtu: "Mwalimu, nchi yetu haina mafuta. Ina watu tu."

Mnajua Novemba, siku ya mtihani wa kuingia vyuo, soko la hisa huchelewa kufunguliwa kwa muda wa saa moja, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala kutua. Wageni wanaisimulia kama kioja. Mimi nilisimama nje ya lango la shule asubuhi hiyo na akina mama, na niliona taifa zima limeweka jina lake mgongoni mwa mtoto wa miaka kumi na minane. Nawapenda watu wale, na hilo siwezi kulisifia.

---

Mgosi wa Daejeon

Na kuhusu heshima ya mwalimu? Tunaambiwa mwalimu kule ni mfalme.

---

Jirani wa Mto Han

Mkuu, heshima ipo, lakini imepata misukosuko. Sikukuu ya Walimu ni 15 Mei, siku ya kuzaliwa ya Sejong yuleyule. Ila tangu sheria ya kupinga rushwa ya 2016, hata kopo la kahawa kutoka kwa mwanafunzi siruhusiwi kupokea. Mara ya kwanza kulirudisha kopo mkono wa mtoto aliyelishika kwa mikono miwili ilinisumbua sana. Na mwaka 2023 mwalimu kijana wa shule ya msingi Seoul alijiua, na walimu wakaingia barabarani kwa maelfu, wiki baada ya wiki, wakilalamikia wazazi wanaowanyanyasa. Waliandamana wamevaa nyeusi, wamekaa kwa mistari.

---

Mgeni Njiani

Wakuu, nimepata nafasi ya kufundisha Kiswahili huko, muhula unaanza Machi. Nijiandae vipi na haya maswali ya fahari?

---

Nyota ya Rift

Jifunze kusoma Hangul kabla hujapanda ndege. Herufi za msingi ni 24, unazishika wiki moja. Mwanafunzi akiona umesoma jina lake lilivyoandikwa, mazungumzo yanabadilika hapohapo.

---

Mwana wa Kivu

Na ukiulizwa kama Afrika kuna nyumba, jibu kwa picha za mtaa wenu. Usinyamaze ukabaki na hasira. Wengi wanauliza kwa sababu televisheni imewaonyesha njaa tu.

---

Jirani wa Mto Han

Ukiweza, fika siku chache kabla ya muhula. Tarehe 1 Machi ni sikukuu ya harakati za uhuru za 1919. Nenda Bustani ya Tapgol, Seoul, ndipo tamko la uhuru liliposomwa mbele ya umati. Kisha panda treni ya chini ya ardhi mstari wa 3 hadi kituo cha Dongnimmun, ukaingie gereza la Seodaemun, ambalo sasa ni makumbusho. Nenda na mwanafunzi mmoja kama umeshafahamiana naye, mwache akuongoze yeye. Vaa koti zito, Machi bado ni baridi kali.