Mrejesho: kozi iliyokuwa inarudi mwanzo

Wakuu, ni mimi wa Dodoma niliyeuliza mbona watu wangu wa Manyoni wakiacha kozi ya mtandaoni ya ufugaji nyuki katikati, wakirudi wanaanza upya. Imepona! Aliyesema niangalie toleo la SCORM (kiwango cha kufungasha kozi ili mfumo wa mafunzo uisome) Mungu ambariki, maana nilikuwa natoa kozi kwa SCORM 1.2 na kule sehemu ya kukumbuka mtu kaishia wapi inabeba herufi 4,096 tu, kozi yenyewe ina maswali kibao basi ikawa inajaa kimya kimya. Nimehamia SCORM 2004 toleo la 4, herufi 64,000. Jana mama mmoja kafunga simu somo la 9, leo kafungua yuko palepale, nimefurahi mno jamani. xAPI (kiwango kingine cha kurekodi mafunzo) bado sijahamia, ile inataka hifadhi yake ya kumbukumbu.